Wapanda SGR wa Dodoma, hivi ni mimi tu au mchongoko huwa unaimba ukiondoka stesheni?

MkaziWaKizota aliandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba nisichekwe kabla hamjamaliza kusoma. Mimi sio mtu wa reli, ni mhasibu tu, kazi imenileta Dodoma familia imebaki Dar kwa hiyo karibu kila baada ya wiki mbili Ijumaa nashuka Jumapili napandisha. Mwanzoni nilikuwa nalala safari nzima. Sasa unajua kitu ukishakipanda mara thelathini na kitu unaanza kukijua kama unavyoujua mlango wa kwako ule unaosugua chini, unajua uunyanyue wapi ndo ufunguke.

Cha kwanza na ndicho kilichonileta hapa: ile treni ya mchongoko ikiondoka INAIMBA. Sio honi wala sio kelele ya magurudumu. Inaanzia chini kabisa kama mzee anayeguna "nnnguuu", inapanda "nguuuiii", inakatika, inaanza tena, inapanda, yaani kama dereva wa fuso anavyopangua gia kupandisha mlima, ila treni ya umeme si haina gia? Au inazo? Ikishakolea mwendo inanyamaza. Tukikaribia kusimama inaimba tena ila kinyumenyume, inatoka juu inashuka chini. Nimemuuliza jamaa ninayekaa naye ofisi moja akaniangalia wee akasema "ndugu yangu omba likizo".

Cha pili, kuna sehemu njiani feni za AC zinanyamaza ghafla. Behewa zima linakuwa kimya mpaka unamsikia mtoto wa siti ya nne anavyotafuna. Taa zipo, treni inaendelea kuteleza kama kawaida, sekunde chache tu alafu vuuuu zinarudi. Wenzangu wote wanaendelea na simu zao, mimi peke yangu nimetoa macho.

Cha tatu kripsi. Nilinunua pakiti Dar nikaitumbukiza kwenye begi nikaisahau, nafika huku nafungua begi pakiti imevimba imekuwa kama mto wa mtoto, ukiigonga inalia du du. Nikajua zimechacha nikatupa.

Na cha nne ni kitu ambacho HAKIPO. Nyie mliopanda treni ya zamani mnakumbuka ile taka-taka, taka-taka, taka-taka? Kwenye SGR imeenda wapi?

Wajuvi karibuni, wa kunicheka pia karibuni ila msikae sana.


Kibajaji_Mzee:

Inayoimba ni njaa mkuu. Kula kwanza ndo upande treni 😂😂


BintiMpwapwa:

Mkaka wa Kizota mimi nimepanda SGR kama mara nane hivi na masikio yangu ni mazima namshukuru Mungu, sijawahi kusikia treni ikiimba hata siku moja. Inaondoka kimya kimya, unashtukia tu nguzo zinarudi nyuma. Au ulikuwa na mtu mwenye spika ya bluetooth jirani maana hao nao siku hizi wapo kila behewa.

Ila hiyo ya AC kunyamaza kweli kabisa nimeisikia, tena zaidi ya mara moja kwa safari. Mimi nilijua dereva anabana matumizi, anazima kidogo anawasha, si unajua umeme ulivyo ghali, kama mwenye nyumba wangu wa zamani alivyokuwa anazima meni swichi saa nne usiku akisema anatengeneza fyuzi. Miezi sita anatengeneza fyuzi.


FundiWaya_Nkuhungu:

Mkuu hauumwi. Na huyo binti naye hajadanganya. Nyote mko sahihi ila hampandi treni moja, ngoja nieleze, nitakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Treni za SGR zipo za aina mbili. Kuna ile ya kichwa na mabehewa, yaani kichwa kinavuta mabehewa yako nyuma yanaburuzwa tu hayana mota hata moja. Alafu kuna huo mchongoko, wenyewe wanaita EMU, hauna kichwa. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, chini ya miguu yako hapo. Kwa hiyo binti wa Mpwapwa kama amezoea kupanda ya kichwa, kelele yote ya mota inabaki mbele huko kwa dereva, yeye yuko behewa la sita anasikia upepo tu. Na hata kwenye treni za mota chini kwa kawaida sio kila behewa lina mota, kuna yenye nazo na yasiyo nazo, kwa hiyo ukikaa hapa inaimba, ukihamia behewa la pili imepoa. Jaribu siku moja tembea kutoka mwanzo mpaka mwisho wakati inaondoka utaniambia.

Sasa kwa nini iimbe. Waya wa juu una volti 25,000, AC (sio ile ya ubaridi), yaani aina ile ile ya umeme wa nyumbani kwako ila ni zaidi ya mara mia ya huu wa kwenye soketi. Unaingilia kwenye ule mkono uliokunjwa juu ya paa, unashuka kwenye transfoma, unageuzwa kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, alafu kuna kifaa kinaitwa inveta kinaukatakata unakuwa AC tena, fezi tatu, ndo unaenda kwenye mota. Mtu atasema mbona usumbufu, umegeuza alafu umegeuza tena? Ni hivi, mota za aina hii mwendo wake unafuata frikwensi, yaani umeme unapinduka kwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Ukitaka izunguke taratibu unaipa frikwensi ndogo, ukitaka ikimbie unapandisha. Umeme wa waya umeganda kwenye 50 haupandi haushuki, kwa hiyo inveta ndo inapika frikwensi inayotakiwa kwa kuwasha na kuzima swichi mamia ya mara kwa sekunde. Na chuma cha mota kikipigwa umeme kwa mtindo huo kinatetemeka kwa kasi hiyo hiyo, na kitu kikitetemeka mamia ya mara kwa sekunde sikio la binadamu linasema hiyo ni sauti, ina noti kabisa. Ni ndugu na ile nguruma ya transfoma ya mtaani kwenu, ila ya mtaani haibadiliki, hii inapanda na kushuka.

Kile ulichokiita kupangua gia ni inveta inabadilisha mtindo wa kukatakata kadiri mwendo unavyopanda. Gia ya kupangua hamna. Na ikisimama kwanini iimbe kinyumenyume, mota zinageuzwa kuwa jenereta, zinaizuia treni huku zinazalisha umeme, kwa hiyo mtindo ni ule ule kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kwa hiyo una sikio zuri mkuu, ungekuwa fundi sio mhasibu.

AC ya ubaridi sasa. Dada dereva msimsingizie. Waya wote kutoka Dar mpaka huku haulishwi kutoka sehemu moja, kuna vituo vya kupozea umeme njiani kila kimoja kinalisha kipande chake, na vipande jirani unakuta vinachukua fezi tofauti za gridi. Fezi mbili hazitakiwi kugusana, zikigusana utaona moto. Kwa hiyo katikati ya kipande na kipande wanaweka kisehemu kifupi cha waya ambacho hakina umeme kabisa. Treni ikikaribia hapo inakata umeme yenyewe, inapita kwa nguvu ya mwendo iliyonayo, ikivuka inaunga tena. Taa zinabaki kwa sababu zipo kwenye betri. AC inakula sana haiwezi kubebwa na betri, ndo hicho kimya unachokisikia. Reli karibu zote za volti 25,000 duniani ziko hivyo.


BintiMpwapwa:

Haya nimekoma na dereva nimemwomba radhi. Ila mwenye nyumba simwombi.


NilikuwaBronx:

Mmenikumbusha mbali. Mimi nimekaa New York miaka sita kabla sijarudi hapa Ipagala kufuga kuku (msiniulize). Kule subway kuna treni zikiondoka zinatoa noti tatu, laaa, LIII, laaa, ziko sawa kabisa kama kinanda na wenyeji wameshazizoea, unakuta mtu mzima kavaa suti anazipiga mluzi pamoja na treni bila hata kujijua. Nilidhani ni mapambo wameweka kusudi. Kumbe ni huo huo mchezo wa inveta aliousema fundi. Na Japani kulikuwa na treni za kampuni moja inaitwa Keikyu, mafundi waliamua kabisa wakasema kama lazima ipige kelele basi ipige do re mi, ikiondoka inapanda ngazi ya muziki vizuri kabisa. Ya mwisho ya namna hiyo ilistaafu 2021, na watu walienda kuiaga na kamera.

Subway ya New York inatembea tangu 1904, usiku na mchana, kwa hiyo ina tabia za kizee nyingi mno. Mfano mistari ya namba, 1 mpaka 7, mabehewa yake ni membamba kuliko ya mistari ya herufi, kama mita 2.6 kwa 3 hivi, kwa sababu zamani zilijengwa na makampuni tofauti kila mmoja na vipimo vyake. Mtu unaishi miaka miwili hujagundua ila mabega yako yanajua, ukiwa kwenye ya namba unajikunja. Treni ya herufi haiwezi kuingia kwenye handaki la namba, itakwaruza ukuta.

Alafu kondakta. Kule anakaa katikati ya treni sio mbele. Treni ikisimama tu anafungua dirisha anatoa mkono ANANYOOSHA KIDOLE. Kila stesheni. Mwezi wa kwanza nilijua ananinyooshea mimi, nikawa naangalia kama zipu iko sawa. Kumbe juu ya platifomu kuna ubao wenye mistari myeusi na myeupe, anatakiwa auonyeshe kwa kidole kabla hajafungua milango kuhakikisha treni imesimama pale pale inapotakiwa, maana ikiwa imepitiliza milango ya mbele itafungukia handakini. Ukimwuliza mpita njia hajui. Wengine wanakaa mjini pale tangu wazaliwe.

Ila fundisho kubwa nililotoka nalo kule ni hili: saa za kazini treni zimejaa watu wamebanana kama dagaa, inakuja, behewa moja TUPU. Usiingie. Mgeni anakimbilia anaona kapata bahati, milango ikishafungwa ndo anajua. Aidha AC imekufa ni joto kama tanuru au kuna harufu ambayo siwezi kuielezea hapa watu wanakula. Mimi niliingia mara moja. Moja tu.


Kibajaji_Mzee:

Hiyo ya behewa tupu hata huku ipo tena bila subway. Saa kumi na moja jioni Sabasaba watu wamejaa wanagombania dirishani, inakuja daladala ina watu watatu, siti zote hizo, mimi mbio nikajirusha nikajiona mjanja. Nashangaa konda hata haiti abiria kwa nguvu. Kumbe tangu asubuhi ilikuwa imekodiwa kwenda mnadani Msalato imebeba mbuzi. Kumi na nane nasikia. Na madirisha ya upande wangu hayafunguki. Nimefika Nkuhungu mke wangu amenifungulia mlango amenisalimia akiwa amerudi hatua mbili nyuma.


FundiWaya_Nkuhungu:

🤣🤣🤣 hiyo daladala naijua


UDOM_Mwaka_wa_Tatu:

Naombeni na mimi nichangie kuhusu siti maana nimefanya utafiti wa miaka miwili bila kulipwa.

Swali la wengi: kwa nini nusu ya siti zinaangalia nyuma? Jibu ni kwamba treni haigeuki. Ikifika mwisho dereva anateremka anatembea anaingia upande wa pili, kulikokuwa mkiani kunakuwa mbele, kwa hiyo wewe uliyekuwa unaangalia mbele ukienda, siti hiyo hiyo ukirudi unaangalia nyuma. Kama wewe ni wa kutapika ulizia mapema, mwenzangu mmoja alitupa shida sana kabla ya Kilosa.

Sasa jua. Hii ndo PhD yangu. Treni ya asubuhi kushuka Dar inaelekea mashariki kwa jumla, kwa hiyo kaskazini kunakuwa kushoto kwako. Sisi Dodoma tuko kusini ya ikweta kama nyuzi sita, maana yake kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa wa kumi jua la mchana liko upande wa kaskazini. Mwezi wa sita na wa saba ndo linakuwa mbali zaidi kaskazini, kwa hiyo safari ya asubuhi kipindi hicho ukikaa kushoto utaokwa taratibu kama hindi. Kaa kulia. Mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini ila asubuhi reli inakatakata kona, kuna mahali liko mbele kabisa kuna mahali linakupiga kulia, hapo ni bahati yako tu. Kurudi mchana wa Desemba, kutoka Dar kuja huku, liko kushoto bila ubishi, kwa hiyo kaa kulia tena. Yaani kwa kifupi mimi kulia tu.

Sasa tatizo ni kwamba tiketi ina namba ya siti na hujui kulia ni wapi mpaka uingie, na ukishaingia unakuta mama kashakaa dirishani kwako na mtoto kamlalia, unafanyaje? Unasema "kaa tu mama hamna shida" unaenda kuokwa.

Kitu kingine mkiwa mnasubiri platifomu angalieni waya wa juu vizuri. Haujanyooka. Kwenye nguzo hii umevutwa kidogo kushoto, nguzo inayofuata kidogo kulia, kushoto, kulia, mpaka macho yanaishia. Fundi hii ni nini, walikosea vipimo?


FundiWaya_Nkuhungu:

Hawajakosea mdogo wangu, ni makusudi. Ule mkono wa juu, pantografu, una kipande cha kaboni ndo kinachogusa waya. Waya ungenyooka ungesugua sehemu moja tu ya kaboni ungeikata kama msumeno. Ukipigwa zigizaga, kaboni inaliwa sawasawa upana wote. Kama unavyonoa kisu, huwezi kusugua sehemu moja ya jiwe kila siku, jiwe litaingia shimo.


MjukuuWaRelini:

Nimesubiri mtu ajibu ya taka-taka hakuna aliyejibu. Basi nijibu mimi. Babu yangu alikuwa gangi ya reli, mimi nimekulia kota za reli, ile sauti ndo ilikuwa saa yetu ya ukutani.

Reli ya kati Wajerumani walianza kuijenga Dar 1905, ikafika Dodoma 1910, Kigoma 1914. Upana wake mita moja kamili, hii mpya ni milimita 1,435. Ile ya zamani reli zilikuwa vipande vipande, kila kiungo kina vyuma viwili pembeni vimekazwa na bolti na katikati wameacha upenyo kama wa kidole kidogo au pungufu. Upenyo ni wa jua. Chuma kikipata joto kinarefuka, usipokiachia nafasi kinapinda kama nyoka. Sasa gurudumu likivuka upenyo linagonga "ta", la pili yake "ka". Behewa lina magurudumu mbele na nyuma ndo unapata taka-taka, kimya, taka-taka. Babu alikuwa anafumba macho anahesabu kwa vidole, anakuambia mwendo. Kwa sababu urefu wa kipande cha reli anaujua, basi ni hesabu tu. Alikuwa hajasoma hata darasa la tano.

SGR reli zimechomelewa zikawa ndefu moja. Hamna upenyo hamna taka-taka. Nami nilijiuliza swali mnalojiuliza, sasa jua la Dodoma hili zinarefukia wapi? Mtu wa kazi hiyo aliniambia hazina pa kwenda, zimebanwa kwenye mataruma ya zege na kokoto zimeshindiliwa, na wakati wa kuzifunga wanachagua joto la katikati ili mchana zisisukume kupita kiasi na usiku zisivute kupita kiasi. Nguvu ipo ndani ya chuma ila imefungiwa humo humo.

Treni ya zamani ilikuwa na vituko vyake pia. Choo kilikuwa kinamwaga moja kwa moja relini, ukichungulia unaona kokoto zinakimbia. Ndo maana ilikuwa marufuku kutumia treni ikiwa imesimama stesheni, na ndo wakati watoto wote wanabanwa. Na chakula kilikuwa kinakuja dirishani chenyewe, ukifika Saranda ni kuku, hata saa nane za usiku unaamshwa na "kuku kuku kuku" na karabai. Na masika mnaweza kufika kati ya Kilosa na Gulwe mkaambiwa hamna reli, mto Mkondoa umeibeba. Mwishoni mwa 2009 uliibeba kwelikweli, miezi hakuna treni.

Simaanishi ilikuwa bora. Kwenda Dar ilikuwa unalala njiani, leo unakunywa chai Dodoma mchana unakula Dar. Ila mimi nikilala kwenye SGR silali vizuri. Hakuna cha kunibembeleza.


BintiMpwapwa:

Shikamoo mzee. Hapo mwisho umenigusa.


MjukuuWaRelini:

Marahaba. Ila mimi sio mzee nina miaka 41 😀


NilikuwaBronx:

Na kripsi jamani mbona mmeziacha. Hiyo ni mwinuko, haina uhusiano na treni. Dar ni usawa wa bahari, Dodoma ni kama mita 1,100 na ushee. Hewa ya huku ni nyepesi, ni kama asilimia 88 au 89 ya ile ya Dar. Pakiti imefungwa na hewa ya Dar ndani, ukiipandisha huku hewa ya nje inasukuma kidogo kwa hiyo ya ndani inatanuka, pakiti inavimba. Hata ungekuja na basi ingevimba, ila basi lina mashimo na abiria wanakaliana mabegi hupati nafasi ya kugundua. Kripsi zilikuwa nzima kabisa kaka yangu. Umetupa chakula.

Masikio nayo si yanaziba ukipita yale mahandaki manne kule milimani upande wa Kilosa? Hiyo ni tofauti kidogo, treni ikiingia kwenye handaki kwa kasi inaisukuma hewa mbele yake kama pistoni, presha inaruka ghafla. Meza mate.

Ukitaka kuhakikisha fanya kinyume. Maliza maji Dodoma, funga kizibo kabisa, nenda nayo chupa Dar bila kuifungua.


MkaziWaKizota:

Wakuu nimerudi. Leo Jumatatu, nimeshuka Ijumaa nimepandisha jana, na nimefanya kazi mliyonituma yote, mke wangu sasa anajua nina tatizo.

Chupa: nimekunywa maji nikamaliza tukiwa bado stesheni ya huku, nikafunga kizibo mpaka kikalia kra, nikaiweka kwenye kimeza mbele yangu. Hadi Morogoro ilikuwa imeanza kubonyea kiunoni. Karibu na Pugu ikajikunja yenyewe mbele ya macho yangu "kpah!" na mama wa siti ya pili akageuka. Nimefika nayo nyumbani kama ushahidi, mke wangu anaiangalia ananiuliza "umeikalia?" Nikaanza kumweleza asilimia 88 akaenda kuepua wali.

AC: nilikaa na kalamu naandika saa kila ikinyamaza, kwa kweli ni sehemu zile zile, kwenda na kurudi. Kijana wa pembeni yangu aliniona nahesabu sekunde na mdomo akahamisha begi lake.

Kuimba: nilipanda mchongoko, nikaanzia behewa la mwisho. Pale Morogoro ikiwa imesimama nikanyanyuka nikajifanya naenda chooni, ikaanza kuondoka mimi natembea. Behewa la kwangu inaimba. Linalofuata, kimya, yaani naisikia kwa mbali kama redio ya jirani. La tatu inaimba tena, unaisikia kwenye soli ya kiatu kabisa. Mhudumu akaniuliza "kaka unatafuta siti yako?" nikamwambia hapana natafuta mota. Akanionyesha choo.

Na huyu mwanafunzi wa jua: nilikata tiketi bila kujua, nimepata kushoto, nimeokwa. Uko sahihi.


Kibajaji_Mzee:

Na kripsi ulitupa wapi, nje ya stesheni pale au ulifika nazo Kizota?


MkaziWaKizota:

Kizota. Dampo la nyuma ya nyumba. Kwa nini?


Kibajaji_Mzee:

Basi ndo maana mbuzi wa jirani yako wamenenepa.